Kusafiri kwa Feri Kati ya Visiwa vya Ugiriki: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Mara ya Kwanza

Mtu aliyewahi kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja wakati wa kusi kali ameshajua jambo ambalo wageni wengi wa Ugiriki hulijua wakiwa wamechelewa: ratiba ya meli huandikwa ofisini, lakini siku yenyewe ikifika ni upepo unaoamua kama chombo kitang'oa nanga. Ugiriki ina visiwa zaidi ya 200 vinavyokaliwa na watu, na vingi kati ya hivyo havina uwanja wa ndege, kwa hiyo feri ndiyo basi la abiria, lori la mboga na gari la posta kwa pamoja. Huduma ni nzuri, meli ni nyingi, na msafiri mwenye mpango unaoacha nafasi hufurahia kila saa ya safari. Anayeumia ni yule aliyepanga bahari kana kwamba ni barabara ya lami.

Maelezo haya yanafuata mfuatano wa safari yenyewe, kuanzia ramani hadi kurudi uwanja wa ndege wa Athens, na nimekaa zaidi pale ambapo nimeona watu wakikwama.

Hatua ya 1: Soma ramani kabla ya kusoma bei

Visiwa vya Ugiriki vimekaa kwa makundi, na kundi ndilo linaloamua ni meli zipi utazipata. Cyclades ni kundi la katikati ya bahari ya Aegean, na humo ndimo vilimo Paros, Naxos, Mykonos, Syros, Amorgos na Santorini. Dodecanese vipo kusini-mashariki, karibu kabisa na pwani ya Uturuki, navyo ni pamoja na Rhodes, Kos na Patmos, ambavyo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anavifahamu kwa majina ya Rodo, Kosi na Patmo. Juu yao, upande wa kaskazini-mashariki, kuna Samos, Chios na Lesvos. Sporades, yaani Skiathos, Skopelos na Alonissos, huendewa zaidi kutoka bandari ya Volos, si kutoka Athens. Aegina, Hydra na jirani zao katika ghuba ya Saronic vipo karibu sana na Athens, kiasi kwamba unaweza kwenda Aegina asubuhi na kurudi jioni. Krete ni kisiwa kikubwa kinachojitegemea upande wa kusini. Upande wa magharibi kabisa, katika bahari ya Ionian, vipo Corfu, Kefalonia na Zakynthos.

Ndani ya kundi moja, meli ni nyingi na safari ni fupi. Kutoka kundi moja kwenda jingine, mara nyingi hulazimika kurudi kwanza Piraeus, bandari kuu ya Athens. Visiwa vya Ionian na vya Aegean vimetenganishwa na bara zima la Ugiriki, kwa hiyo anayetaka Corfu na Santorini katika juma moja aangalie ndege, asiangalie feri. Kwa juma moja, ushauri wangu ni visiwa viwili, au vitatu kwa kiwango cha juu, vilivyo katika njia moja. Mstari wa Piraeus, Paros, Naxos na Santorini ndio rahisi kuliko yote, kwa sababu mara nyingi meli ile ile hupita visiwa hivyo kwa mpangilio huo.

Hatua ya 2: Panga safari kuanzia mwisho

Wengi huanza kwa kuuliza watafika kisiwani lini. Anza na tarehe ya ndege yako ya kurudi nyumbani, kisha hesabu kurudi nyuma. Siku nzima kabla ya ndege hiyo, uwe tayari umeshafika Athens. Usiku wa mwisho usilale kisiwani hata kama hoteli imekupa bei ya kuvutia, na feri ya asubuhi isikutanishwe na ndege ya jioni ya siku hiyo hiyo.

Sababu ni upepo uitwao meltemi. Huu ni upepo wa kaskazini unaovuma katika Aegean wakati wa kiangazi, na nguvu yake kubwa ni Julai na Agosti, ndiyo miezi ambayo wageni ni wengi kupita kiasi. Mtu wa pwani anajua kaskazi na anajua kusi, na amezoea kuona mawingu yakijikusanya kabla bahari haijachafuka. Meltemi haina dalili hiyo. Agosti moja nilikaa siku mbili bandarini Naxos chini ya anga la buluu lisilo na wingu hata moja, jua likiwaka, huku mawimbi meupe yakivunjika juu ya ukuta wa bandari na hakuna chombo kilichosogea. Familia iliyoketi karibu nami ilikuwa imekosa ndege ya kurudi kwao, na watoto walikuwa wamelala juu ya mabegi.

Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari hutoa katazo la kusafiri, ambalo Wagiriki huliita apagoreftiko. Jifunze neno hilo, kwa maana utalisikia likitajwa kwenye mikahawa ya bandarini saa nyingi kabla halijafika kwenye simu yako. Kwa kawaida meli kubwa huzuiwa upepo unapofikia kipimo cha 8 cha Beaufort, yaani mwendo wa kilomita 62 kwa saa na kuendelea, na boti za mwendo kasi pamoja na vyombo vidogo huzuiwa mapema zaidi. Katazo linaweza kudumu saa chache au siku mbili. Tazama utabiri wa upepo kila jioni, na ukiona namba 7 au 8 siku unayotaka kuondoka, ondoka siku moja kabla, hata kama utapoteza usiku mmoja wa hoteli.

Zipo tarehe nyingine za kuangalia. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria kwa Waorthodoksi, na meli za kwenda Tinos, kisiwa chenye kanisa la hija la Panagia Evangelistria, hujaa kabisa. Pasaka ya Kiorthodoksi huleta msongamano kama huo. Ijumaa jioni Athens yote inatoka, na Jumapili jioni inarudi. Tarehe 1 Mei mabaharia huwa katika mgomo mara nyingi na meli hulala bandarini, basi usiweke safari siku hiyo.

Hatua ya 3: Chagua aina ya chombo

Meli kubwa za kawaida, kama zile za Blue Star Ferries, huenda polepole lakini huhimili bahari. Zina sitaha za wazi, mikahawa, viti vya ndani na vyumba vya kulala. Kutoka Piraeus hadi Paros ni takriban saa 4, hadi Naxos saa 5 na kitu, na hadi Santorini hukaribia saa 8. Boti za mwendo kasi, kama za Seajets, hupunguza muda huo sana, lakini nauli yake huweza kukaribia mara mbili, kila abiria hukaa kwenye kiti alichopangiwa, na nyingi hazina mahali pa kutoka nje kupunga upepo. Bahari ikichafuka ndizo zinazorusha watu, na ndizo zinazofutwa kwanza.

Kwa msafiri wa mara ya kwanza ninapendekeza meli kubwa bila kusita. Kutazama visiwa vikijitokeza kimoja baada ya kingine kutoka sitahani ni sehemu ya safari yenyewe, na anayejua kuwa moyo wake huchafuka baharini atapata nafuu kubwa akiwa kwenye chombo kizito. Boti ya kasi ichukuliwe pale inapookoa siku nzima, kwa mfano kati ya Heraklion huko Krete na Santorini, ambapo safari huchukua kama saa 2.

Kuna pia vyombo vidogo vya sitaha wazi vinavyovusha magari na watu katika njia fupi, kwa mfano kutoka Pounta kisiwani Paros kwenda Antiparos kwa dakika kama 10. Wagiriki huviita pantofla, yaani sapatu, kwa jinsi vilivyo bapa. Aliyezoea pantoni la Kigamboni au feri ya Likoni atajiona yuko nyumbani. Visiwa vidogo kabisa, kama Iraklia, Schinoussa, Koufonisia na Donousa, huhudumiwa kutoka Naxos na meli ndogo maarufu iitwayo Express Skopelitis, katika njia ambayo serikali huichangia fedha kwa sababu abiria peke yao wasingetosha kuigharimia.

Hatua ya 4: Kununua tiketi na kuisoma sawasawa

Tiketi hununuliwa kwenye tovuti za kampuni zenyewe, kwenye tovuti zinazolinganisha kampuni zote kama Ferryhopper, au kwa mawakala ambao ofisi zao zimejipanga mbele ya kila bandari. Nje ya Julai na Agosti, abiria wa kawaida asiye na gari anaweza kununua siku chache kabla. Anayetaka chumba cha kulala, kupakia gari, au kusafiri katikati ya Agosti, anunue wiki nyingi kabla. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na mtoto mchanga naye awe na tiketi yake hata kama nauli yake ni bure.

Sasa lipo jambo linalomhusu Mswahili zaidi ya wageni wengine. Tiketi za Ugiriki hutumia saa 24, na sisi huhesabu saa kwa kufuata jua. Meli ya 07:30 inaondoka saa moja na nusu asubuhi, na ya 22:00 inaondoka saa nne usiku. Hatari kubwa ipo kwenye meli za baada ya saa sita usiku. Tiketi iliyoandikwa tarehe 12 Agosti, 00:30, ni ya usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo unatakiwa kuwa bandarini tarehe 11 usiku. Ukienda usiku unaofuata, meli imeshaondoka takriban saa 24 zilizopita. Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, na wakati wa baridi Ugiriki huwa nyuma kwa saa moja.

Jambo la pili ni majina. Santorini huandikwa pia Thira, na Corfu huandikwa Kerkyra. Kisiwa kimoja chaweza kuwa na bandari mbili zilizo mbali: Amorgos ina Katapola na Aegiali, Ikaria ina Agios Kirykos na Evdilos, Samos ina Vathy na Karlovasi. Kabla ya kulipia chumba cha hoteli, hakikisha umejua utashukia bandari ipi, kwa kuwa kushuka upande usio wako saa nane za usiku katika kisiwa chenye teksi chache ni adhabu.

Hatua ya 5: Pasipoti na viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya kundi la nchi za Ulaya, kuingia Ugiriki, na viza ya muda mfupi huruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Kutoka kisiwa hadi kisiwa ndani ya Ugiriki hakuna uhamiaji, lakini beba pasipoti yenyewe, maana unaweza kuombwa uioneshe pamoja na tiketi.

Tahadhari kubwa ni boti za kwenda Uturuki. Kutoka Kos unauona mji wa Bodrum ng'ambo, kutoka Chios unaiona Çeşme, na boti za kila siku hukuvutia kwenda kula chakula cha mchana na kurudi. Ukipanda boti hiyo umetoka katika eneo la Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja tu, imeisha kazi, na huwezi kurudi Kos ambako umeacha mabegi yako. Soma idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza kabla ya kununua tiketi hiyo, na uangalie pia masharti ya viza ya Uturuki kwa pasipoti yako. Katika visiwa hivyo hivyo simu huweza kujiunga yenyewe na mtandao wa Uturuki, na anayetumia laini ya Ulaya akajikuta na bili asiyoitegemea, hivyo ni vyema kuchagua mtandao wa Ugiriki kwa mkono.

Hatua ya 6: Kufika bandarini

Athens ina bandari tatu za feri. Piraeus ndiyo kubwa. Rafina, upande wa mashariki, ipo karibu zaidi na uwanja wa ndege na hupeleka meli Andros, Tinos na Mykonos. Lavrio, kusini zaidi, hupeleka Kea na Kythnos. Soma tiketi yako vizuri, kwa sababu aliyefika Piraeus ilhali meli yake inatoka Rafina hana njia ya kuiwahi.

Tangu Oktoba 2022 treni ya metro ya njia ya 3 hutoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha, kwa muda wa kama saa moja. Basi la X96 hufanya safari hiyo hiyo mchana na usiku. Bandari ya Piraeus ni kubwa na ina milango iliyopewa namba kuanzia E1 hadi E12. Meli nyingi za Cyclades hukaa karibu na E7, ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha metro, ila meli za Dodecanese hutumia E1, ambako ni mwendo mrefu kwa miguu ukiwa na mzigo. Kuna basi la bure ndani ya bandari linalozungukia milango. Fika saa moja kabla ya kuondoka, na kama mlango wako ni E1, ongeza nusu saa nyingine.

Hatua ya 7: Kupanda na kukaa ndani

Meli ya Kigiriki huingia visiwani kwa namna inayostahili kutazamwa. Nahodha hushusha nanga ya mbele, huirudisha meli kinyumenyume tezi ikielekea gati, na mlango mkubwa wa chuma huanza kuteremka kabla meli haijatulia. Askari wa bandari hupuliza filimbi, wanaoshuka hutoka kwanza, kisha malori, magari na watembea kwa miguu huingia kwa mlango huo huo mmoja. Kila kitu huisha ndani ya dakika chache, kwa hiyo uwe umesimama tayari, mzigo mkononi na tiketi kwenye simu. Sakafu ya chuma huwa na maji ya chumvi na mafuta, basi vaa viatu vyenye kushika.

Pembeni mwa gereji kuna rafu zenye majina ya visiwa. Weka begi kubwa kwenye rafu ya kisiwa unachoshukia, na pasipoti, fedha, dawa na simu upande navyo juu. Tiketi husomwa mlangoni, na kila aliyeingia huhesabiwa. Zoezi hilo lisikuudhi. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina iligonga miamba ya Portes karibu na Paros, na watu zaidi ya 80 wakafa. Sisi nasi tuna msiba wetu: MV Spice Islander, iliyozama ikielekea Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, iliundwa huko huko Ugiriki mwaka 1967. Orodha ya abiria iliyo sahihi ni haki ya kila anayepanda chombo, na ya wale aliowaacha nyumbani.

Ndani ya meli, abiria wa daraja la chini hukaa popote palipo wazi, sebuleni au sitahani. Kwa safari za usiku, kama Piraeus hadi Heraklion, chumba cha kulala kina thamani ya bei yake. Anayelala sitahani abebe koti hata mwezi Agosti, maana upepo wa usiku baharini hauna huruma. Chakula hupatikana, ila beba maji na matunda yako. Kwa asiyekula nguruwe, vitumbua vya unga vya jibini, tiropita, na vya mchicha, spanakopita, ni salama zaidi kuliko vile vya nyama. Kwa anayeswali, Makka ipo upande wa kusini-mashariki, ila meli hugeuka, basi tazama dira ya simu kila mara. Moyo ukianza kuchafuka, kaa katikati ya meli kwenye ghorofa ya chini, utazame upeo wa bahari, na dawa uimeze kabla ya kuondoka, si baada ya kutapika.

Hatua ya 8: Kushuka

Tangazo hutolewa kwa Kigiriki na Kiingereza muda mfupi kabla ya kufika. Teremka gereji mara ulisikiapo, kwa sababu katika visiwa vya katikati ya njia meli husimama dakika chache tu, na aliyebaki anafunga viatu huenda kisiwa kinachofuata. Hakikisha jina la kisiwa kwa kumuuliza baharia, si kwa kufuata umati. Santorini meli hushusha Athinios, chini ya jabali refu, na basi za kwenda Fira, mji mkuu wa kisiwa, husubiri hapo hapo. Panda basi mara moja, kabla foleni haijawa ndefu.

Hatua ya 9: Safari ikiharibika

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inakulinda hata kama huna uraia wa Ulaya. Safari ikifutwa, au ikichelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 90, una haki ya kuchagua kati ya kupelekwa kwa njia nyingine na kurudishiwa nauli. Ukichelewa kufika kwa saa 1 katika safari isiyozidi saa 4, au kwa saa 2 katika safari ya kati ya saa 4 na 8, unastahili fidia ya asilimia 25 ya nauli, na ucheleweshaji ukizidi maradufu ya hapo fidia hupanda hadi asilimia 50. Hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu, fidia haipo na kampuni hailazimiki kukulipia hoteli, lakini haki ya nauli au safari nyingine inabaki. Wakati wa katazo, usibaki kwenye foleni peke yako bila mpango: mmoja wenu apange foleni kwa wakala, mwingine atafute chumba kabla vyote havijajaa. Ufuatilie chombo chako kwenye MarineTraffic, tovuti inayoonesha meli zilipo, ambako utaona kama kimeshang'oa nanga bandari iliyotangulia. Malalamiko yapelekwe kwa kampuni kwa maandishi ndani ya miezi 2, pamoja na nakala ya tiketi na picha ya ubao wa matangazo wenye saa halisi ya kuondoka.

Meli za kurudi Piraeus nyingi hufika usiku, wakati mwingine baada ya metro kufungwa. Kama unakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege, kituo cha X96 kipo nje ya milango ya bandari, na basi hilo hutembea usiku kucha.